Toleo la Moshi

Siku hizi programu ya kutengeneza moto na mafuriko ya filamu huwekwa kichwani mwa fundi, na kila toleo jipya linataka nafasi zaidi, yaani kumbukumbu zifutwe. Asiyeliweka hana kazi. Mume wangu Shekue, fundi wa siku nyingi, alishafuta utoto wake, marehemu mama yake na harusi yetu.

"Bahati yako," nilimtania, "umesahau ulivyonikanyaga tukicheza."

Jana likaja toleo la moshi. Tukakaa kitandani kuchagua cha kufuta, kama kawaida yetu. Zilibaki kumbukumbu kubwa mbili tu: mimi, na binti yetu Tunu.

"Mke wangu, siwezi."

"Nifute mimi. Mimi nitakutongoza tena. Mtoto akisahauliwa na baba yake ataanzia wapi?"

Alilia, kisha akabonyeza kitufe nyuma ya sikio.

Asubuhi alimpakata Tunu, akanitazama nikiwamiminia chai.

"Ahsante, dada," akasema kwa adabu. "Tunu, mgeni wetu anaitwa nani?"

Tunu alicheka hadi chai ikamtoka puani. Baba na utani wake! Nami nikacheka kwa nguvu, maana ningenyamaza Tunu angeelewa.