Vipete vya Alumini

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aje anishike vidole, bado vina gundi.

Mke wangu hupiga mishale mia mbili kwa siku, na mishale ya kaboni huchoka kama sisi wenyewe. Siku moja kabla ya mashindano yake nilibandika vipete vya alumini nyuma ya ncha za mishale yote kumi na miwili.

"Sasa hata ukipiga ukuta, ukuta ndio utaomba radhi," nilimwambia.

"Uliikunja kwanza, mzee, ukasikiliza kama ina ufa?"

"Mmoja mmoja, mama watoto."

Nilikuwa nimekunja miwili, mgongo ukanigomea.

Alikuwa amechoka hata kubishana. Alichukua mmoja, akausogeza sikioni mwangu, akaukunja polepole. Chini ya kipete kukasikika mlio, kama mchele mbichi ukitafunwa.

"Labda ni goti langu," nilisema.

Hakucheka. "Huu ungenipasukia mkononi."

Nikaenda kuleta mishale yangu mipya, ile ambayo simruhusu mtu kuigusa, nikachukua msumeno, nikaanza kuikata kwa urefu wa mkono wake.