Marehemu Jikoni

Kwenye fomu ya Mustafe, Osob alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwa Mustafe huyo huyo, mjini Garissa, akimpikia anjera.

Geti likagongwa. Mustafe akachungulia, akarudi mbio, midomo imemkauka.

"Ni afisa wa usalama, hooyo. Na alisema atakuja wiki ijayo!"

"Basi leo usiniite hooyo," Osob alisema. "Mamako alikufa."

Jamani, na fomu yenyewe ilitaka nini? Ilitaka kila jamaa aliye raia wa nje atajwe, na Osob alizaliwa ng'ambo ya mpaka, karibu na Diff. Hadi leo nyumba yake iko huko, na kaka zake pia. Mustafe alikuwa amepata kazi Nairobi, ya kulinda kompyuta za serikali, na bila kibali cha usalama hakuna kazi. Vijana wawili wa mtaa wao waliandika ukweli kuhusu mama zao. Mwaka wa tatu huu wanasubiri majibu. Mustafe akaandika marehemu. Alilia akiandika, lakini aliandika. Sasa uongo huo ukijulikana, si kazi tu itakayopotea, atafungwa.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko, pa kujificha hapakuwepo. Osob akachukua mtungi wa maji, akamiminia humo pakiti mbili za maziwa ya dukani, akajitanda shuka, akaketi chini karibu na mlango. Garissa imejaa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Mmoja zaidi nani atamshuku?

Afisa aliitwa Abdiqani, mtu wa makamo, mpole wa sauti. Upole huo ndio uliomtisha Osob zaidi. Alivua viatu mlangoni, akaketi, akafungua faili.

"Na huyu mama?"

"Muuza maziwa," Mustafe alijibu. Alikuwa bado amesimama. Tangu utoto hakuwahi kukaa kitini mamake akiwa chini, na leo pia miguu ilikataa.

"Mama, ulimjua mamake huyu kijana?"

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo Osob hakuwa amejiandaa nalo. "Mkali," alisema. "Lakini alimpenda mwanawe sana."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Diff."

"Upande gani wa mpaka?"

"Wee! Siku hizi maiti pia anaulizwa kitambulisho?"

Afisa alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mamangu pia ni marehemu," alisema. "Alikufa mwaka ule nilioajiriwa."

"Pole, mwanangu," Osob alisema, na alisema kwa moyo wote.

Abdiqani akaomba kikombe cha maziwa. Hapo ndipo Osob alipoliona kosa lake. Mtungi wa maziwa ya ngamia hufukizwa kwa moshi wa kuni, na mtoto yeyote wa mfugaji anaujua moshi huo ulimini kabla hajajua kusoma. Maziwa haya hayakuwa na moshi hata kidogo. Lakini angekataaje, muuza maziwa mzima? Akamimina.

Afisa akapiga funda moja. Akamtazama Osob, akamtazama Mustafe aliyesimama kama amechomekwa pale, akakiinua kikombe tena na kunywa hadi tone la mwisho.

"Maziwa mazuri, mama," alisema. "Moshi umekolea."

Akaandika neno moja kwenye faili, akaifunga. Osob hakujua kama wamesalimika au wanachezewa. Akaurudisha mfuniko wa mtungi.

Mlangoni, afisa alipoinama kuvaa viatu, simu yake ikalia. Akalitazama jina, akawageuzia mgongo, akashusha sauti.

"Si nilikuambia usinipigie saa za kazi, hooyo."