Kioo cha Mama Mkwe

Eusebio alitikisa mkebe wa gesi aliouunganisha kwenye bomba la AC, injini ikinguruma. Mkewe alikuwa leba San Antonio, na mama mkwe mwenye presha asingefika huko akiwa hai kwa joto hili la Laredo.

“Mkwe, ungeita fundi!” bibi alifoka kutoka ndani ya gari, kioo cha dirisha kikiwa chini, akijipepea kwa kofia. “Mjukuu wangu atazaliwa, wewe bado unachezea vikopo!”

“Vumilia, mama.”

Aligusa bomba. Lilikuwa bado la moto. Akatikisa tena, akagusa tena. Sasa lilikuwa baridi, linatoka jasho kama chupa ya soda. Akashusha pumzi.

“Nilimwambia mwanangu, usiolewe na huyu—”

Hakumaliza; hewa baridi ya AC ilimpiga usoni. Kwa kidole chake mwenyewe bibi akabonyeza kitufe, kioo kikapanda mpaka juu.