Gundi Kwenye Kioo cha Fundi

Ilibaki kidogo tu wembe wa fundi cherehani uguse kioo, mkewe akaingia.

“Thubutu! Kioo hakinyolewi ndevu, mume wangu.”

Fundi akasita. Bibi harusi alikuwa njiani kuja kujaribu gauni, na gundi ya kibandiko cha dukani ilikuwa imeganda pale pale uso unapotokea.

Mkewe aliipaka mafuta ya kupikia, akaketi.

“Sasa unakaa?”

“Mafuta yanafanya kazi. Wewe tulia.”

Kisha akaisugua kwa kidole gumba, taratibu, gundi ikajiviringa kama nyuzi. Akapangusa kwa maji ya sabuni. Hakuna hata mkwaruzo mmoja!

“Hodi!” bibi harusi aliita mlangoni.

Fundi alimshika mkewe mabega, akamsimamisha mbele ya kioo awe wa kwanza kujitazama.