Sehemu ya Kumi

Mwandishi alikuwa ameshaandika sehemu tisa za Hawaii zinazofaa kupiga kasia ukiwa umesimama juu ya ubao. Ilibaki moja, na mimi nilikuwa hoi. Tangu asubuhi nilikuwa nimefundisha wageni wanne kusimama, na wote wanne niliwaokota majini.

"Ya kumi," alisema, kalamu mkononi, tumekaa kibarazani kwetu. "Wewe mwenyewe unakwenda wapi?"

Nilitazama miguu yangu. Chumvi ilikuwa imekaukia kwenye nyufa za visigino. Zile tisa zote zilikuwa zetu zamani. Siku hizi wageni wamezijaa, hata pa kuegesha gari hupati.

"Siendi popote. Nikitoka kazini nalala."

Alicheka, akafunga daftari. Nikashusha pumzi.

Mama akatoka jikoni na samaki na bakuli la poi, uji mzito wa magimbi, akamwandalia. Kwetu mgeni haondoki na njaa, wala haondoki na swali.

"Muongo huyu!" mama akamwambia. "Kila Jumapili tuko wote nyuma ya ule mwamba mweusi, juu ya mbao zetu, tunachuma mwani. Maji yametulia, hata mtoto anasimama. Majivu ya marehemu baba yake niliyamwaga palepale."

Mwandishi aliacha kutafuna. "Panaitwaje, mama?"

"Hapana jina, mwanangu. Lete kalamu nikuchoree njia."

"Mama," nikasema.

"Acha uchoyo, Pualani. Njoo ushike karatasi, upepo huu utaipeperusha."

Nikaishika.