Meno Ishirini na Mawili

"Ndogo kuliko hiyo," dada mmoja alisema.

Fundi baiskeli akaitundika tena ukutani gia ya mbele yenye meno thelathini na mawili, akashusha ya ishirini na manane. Dada hakuitazama vizuri. Alikuwa amejibwaga kwenye benchi bila kukaribishwa, ndala moja imeshonwa kwa waya, na kila mara macho yake yalikwenda ng'ambo ya barabara, alikoketi baba yake kivulini.

"Ndogo zaidi."

"Kwani huko kwenu kuna mlima au ukuta?"

Hakucheka. Alikuwa amechoka hata kwa kicheko cha adabu. Akaeleza kwa mkato: mzee alikuwa tarishi miaka thelathini na sita, na mpaka leo kila asubuhi lazima atoke na baiskeli. Wiki hii ameletwa nyumbani na watu mara mbili, kutoka mbali.

"Kaka zangu wanasema iuzwe Jumamosi. Tulipoificha, hakula siku tatu. Ikiuzwa, fundi, baba hamalizi mwaka."

Fundi akairudisha ukutani ile ya ishirini na manane. Akaingia ndani, akapekua boksi la vyuma chakavu, akatoka na gia ya meno ishirini na mawili tu. Nyuma akafunga ile kubwa kuliko zote alizonazo, pana kama sahani.

"Magoti ya mzee yakoje? Ninayo mikono mifupi ya pedali, haimkunji mtu sana."

"Magoti yake mazima," dada akajibu, kama anayemshitaki mtu. "Mwachie hiyohiyo."

Cheni ilipokwisha kukatwa na kuunganishwa, fundi akaona aseme ukweli, asije akalaumiwa.

"Kwa mlima, hii ni dawa. Lakini kwenye tambarare nitakuwa nimemwonea mzee wa watu. Atanyonga mpaka jasho limtoke, na mwendo utakuwa wa mtu anayetembea."

"Anayetembea kawaida, au anayeharakisha?"

"Kawaida."

Dada akafumba macho kidogo. Fundi alidhani anataka kulia.

"Basi ndiyo hiyo," akasema.

Mzee alipoletewa baiskeli alisimama kwa wepesi wa kijana. Shati lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi, na begani alining'iniza mkoba mtupu. Akapanda, akaondoka bila kuaga.

Fundi akatoka mlangoni kumwangalia. Barabara ilikuwa tambarare kama meza, mpaka macho yanapoishia. Mzee alinyonga kwa nguvu zake zote, ameinama, akipiga kengele watu wampishe.

"Leo naenda kasi, mwanangu! Barua zote zitafika!"

"Zitafika, baba," akajibu binti yake, akitembea tu kando yake, mkono mmoja juu ya keria, wala hakuhema.