Zamu ya Kushuka Napoli

Siku hizo hakuna bandari ya Mediterania iliyomruhusu mgeni kushuka melini bila kumwacha mtu wake ndani awe dhamana. Mgeni asiporudi kabla ya honi ya mwisho, aliyebaki hakanyagi tena nchi kavu. Huishi humo melini akiwahudumia abiria wengine. Kila asubuhi Mwanakheri alimiminiwa chai na watu wa namna hiyo, na hakuna aliyemtazama usoni.

Safari ile ya wiki moja ilikuwa zawadi kutoka kwa watoto wao. Bandarini Marsei alishuka yeye, mumewe Shekue akabaki. Napoli ikawa zamu ya Shekue.

Jioni honi ya kwanza ililia, Shekue hajarudi. Mwanakheri alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa nje. Alipochungulia dirishani akamwona mumewe amesimama gatini, karibu kabisa na ngazi, anaitazama meli. Honi ya pili ikalia, ikabaki ya mwisho. Shekue akageuka, akauangalia mji kwa muda mrefu. Ngazi ilipoanza kuvutwa ndipo akapanda.

"Nilipotea njia, Mama Nasri," alisema alipoingia. "Vichochoro vya kule vinafanana."

"Pole, Baba Nasri," alijibu Mwanakheri, akampokea koti.

Waliketi kula. Shekue akauliza kwa upole, "Kesho Malta ni zamu yako. Utashuka?"

"Nitashuka," alisema Mwanakheri.

Mumewe akaacha kutafuna.